Ramani ya droni ya Zanzibar: picha ni safi, kazi imo katika makubaliano

Kwa anayeshughulika na mitaro, mabomba, waya, vibali vya ujenzi au takwimu hapa Unguja na Pemba, picha za anga zilizopigwa kwa droni kuanzia mwaka 2016 ni chombo kizuri mno, tena zimewekwa wazi watu wazipakue bila malipo. Hapa tunazitathmini kama chombo cha kazi: zinaonesha nini, zinapotosha wapi, na kwa nini ofisi mbili zinaweza kufungua picha ile ile zikatoka na majibu mawili. Jibu la swali hilo la mwisho halimo ndani ya kompyuta. Limo katika kamati ya ushauri, yaani ile meza ambayo watu wa ardhi, maji, umeme, manispaa na maafa wanatakiwa kukaa pamoja kabla hawajaanza kuchora.

Kazi yenyewe ilijulikana kwa jina la Zanzibar Mapping Initiative. Kamisheni ya Ardhi ndiyo iliyoishika, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakafundishwa urushaji, na Benki ya Dunia ikasaidia. Droni zilikuwa za mabawa, aina ya eBee, mwili wa povu, zinarushwa kwa mkono na kutua kwa tumbo. Visiwa vyote viwili vilipigwa picha, zaidi ya kilomita za mraba 2,400, kwa ukali wa takriban sentimita 7 kwa kila piseli.

Hiyo sentimita 7 ndiyo namba ya kuishika kabla ya kuitaka picha ikupe chochote. Mfuniko wa chemba wenye upana wa sentimita 60 unapata piseli nane au tisa kila upande. Unaonekana kama doa la mraba na unahesabika. Sanduku la mita ya maji la sentimita 20 linapata piseli tatu, na hilo bora usilitafute, utaishia kuhesabu mawe. Nguzo ya umeme ukiitazama kutoka juu ni nukta tu, lakini kivuli chake ni mstari ulionyooka. Mchoraji mzoefu huzifuata nguzo kwa vivuli, kisha huweka alama pale kivuli kinapoanzia. Anayeweka alama kwenye ncha ya kivuli ameihamisha nguzo mita kadhaa, na akifanya hivyo mtaa mzima, laini yote inaonekana kupita juu ya mapaa ya watu. Tangi la plastiki juu ya nyumba, mabati yaliyoshika kutu, msingi uliochimbwa ukaachwa, matofali yaliyopangwa uani: vyote vinasomeka. Waya hauonekani. Bomba lililofukiwa halionekani kabisa, kwa hiyo mwenye bomba lazima alete kumbukumbu zake mwenyewe. Ramani moja ya mji haiwezi kutoka ofisi moja.

Upande wa mafaili, kilomita moja ya mraba ni piseli zaidi ya milioni 200, kama megabaiti 600 kabla ya kubanwa. Kompyuta ya kawaida ya ofisini itaganda ukiifungulia wilaya nzima. Kata picha kwa shehia, tengeneza piramidi (vijipicha vya ngazi ndogo ndogo ambavyo programu ya QGIS huvijenga yenyewe kwa kubofya mara moja kwenye sifa za picha), na nakala asili ikae kwenye diski isiyoguswa. Programu ni ya bure. Diski ndiyo gharama.

Sasa tuingie kwenye kosa kubwa kuliko yote. Kumbukumbu nyingi za zamani za upimaji katika Afrika Mashariki zimo katika datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960. Picha za droni na simu zetu zinatumia datamu nyengine, WGS84. Zote mbili hupewa jina la UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita) kanda ya 37 Kusini, na namba za majiranukta zinafanana sura: tarakimu sita za mashariki, tarakimu saba za kaskazini. Ukizichanganya, vitu vinahama karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini, na karibu mita 100 upande wa mashariki na magharibi. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Pale Mjini ni valvu ya maji kuhamia mtaa wa tatu.

Dalili zake ni rahisi kuzijua. Ukiweka mabomba juu ya picha ukaona mtandao wote una umbo sahihi, kona zake ni zile zile za barabara, lakini umesogea wote kwa pamoja, hiyo ni datamu. Dawa yake ni kuiambia programu mfumo wa asili wa faili (namba 21037 kwa Arc 1960, namba 32737 kwa WGS84), kisha kuihamisha rasmi na kuihifadhi upya. Watu wengi hawafanyi hivyo. Wanaishika tabaka (faili la ramani la kitu kimoja, kama mabomba) kwa kipanya na kuisukuma mpaka ikae. Inakaa kweli, na ndiyo maana ni hatari: hakuna rekodi ya kilichofanyika, afisa wa pili anaisukuma kwa kipimo chake, na baada ya mwaka kuna matoleo matatu ya bomba moja, kila moja likisemwa ni sahihi.

Hata anayefuata njia ya halali ana mtego wa pili. Kuna seti zaidi ya moja ya vigezo vya kuhamisha Arc 1960 kwenda WGS84. Iko ya wastani kwa Kenya na Tanzania, na ziko za kila nchi peke yake, na zinatofautiana kwa mita kadhaa. Programu ikiuliza ipi, mtu hubofya ya kwanza kwenye orodha. Ofisi ya maji ikitumia moja na ofisi ya umeme ikatumia nyengine, bomba na kebo zilizo pande mbili za barabara zinaweza kuonekana zimepishana katikati ya lami. Hakuna fundi anayeweza kulitatua hili peke yake, kwa sababu hakuna jibu la kiufundi lililo tofauti na kukubaliana: chagueni seti moja, iandikeni, na mtu akileta faili lenye nyengine lirudishwe. Hilo ni azimio la dakika kumi kwenye kamati. Likikosekana, linakula miezi ya kazi.

Kwa ajili hiyo tunaipima kamati kwa vitu vidogo kama hivi, tukiyaacha makabrasha pembeni. Zanzibar haianzi sifuri. Wazo la kuziweka data za ardhi na mazingira katika mfumo mmoja lilishakuwepo kwa jina la ZanSDI, lililokua wakati wa SMOLE, mradi wa usimamizi wa ardhi na mazingira uliofadhiliwa na Finland. Mji wenyewe una historia ndefu ya mipango iliyochorwa na wageni mbalimbali: Lanchester 1923, Kendall 1958, Wajerumani Mashariki 1968, Wachina 1982. Kila mmoja alikuja na ramani yake. Hii ya droni ina tofauti moja ya thamani: vijana walioipiga ni wa hapa, na wanaweza kuipiga tena.

Mji Mkongwe unahitaji tahadhari ya peke yake. Eneo la urithi wa dunia, lililoorodheshwa mwaka 2000, ni hekta 96 tu, na ndilo linaloumiza kichwa kuliko shamba lote la Unguja. Picha ya juu inaonesha paa. Kibali cha ukarabati kinahusu ukuta. Kati ya hivyo viwili kuna upenu wa mabati unaotoka nje, na kwenye kichochoro cha mita mbili mapenu ya pande mbili yanakaribia kukutana. Anayechora nyumba kwa kufuata ukingo wa bati amelimeza baraza, ameumeza mtaro wa pembeni, na wakati mwengine ameifuta njia yenyewe. Kwenye ramani nyumba mbili zinakuwa zimeshikana. Huwezi kutoa jibu la mpaka wala la upana wa njia kutokana na picha hiyo. Nenda na futi kamba au kipimo cha leza, pima ukuta kwa ukuta kwenye usawa wa ardhi, sehemu tatu kwa kila kichochoro, kwa sababu kuta za mawe na chokaa hazikunyooka. Kisha andika kwenye jedwali la tabaka, safu ya peke yake: "paa" au "ukuta". Neno hilo moja linaiokoa mamlaka ya uhifadhi na manispaa kubishana juu ya sentimita ambazo hazikuwahi kupimwa.

Urefu kutoka usawa wa bahari ndio unaotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu unahusu maji, na maji ya masika hayasubiri. Droni hutoa pia muundo wa miinuko, lakini inapima kile inachokiona: kilele cha mwembe, paa la skuli, lori lililoegeshwa. Ukiuuliza muundo huo maji yataelekea wapi, mwembe utakuwa kilima. Tuta la barabara lenye kalavati chini yake litakuwa ukuta mzima, na kompyuta itachora ziwa upande wa juu ambapo kwa kweli maji yanapita. Na kinyume chake pia hutokea: kalavati ipo kwenye muundo lakini imeziba mchanga na mifuko, na ziwa linakuwa la kweli. Watu wa Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu wanalijua hilo bila kompyuta. Njia ya kusahihisha ni kuondoa miti na majengo kwenye muundo kwanza, halafu kuchoma kila kalavati, yaani kushusha piseli za tuta hadi kina cha mdomo wa kalavati ili maji ya kompyuta yapite. Lakini nani anajua kalavati ziko wapi, zina kipenyo gani, na ipi imezibuliwa? Mwenye picha hajui. Anajua anayesafisha mitaro, anajua mhandisi wa barabara, na masheha wanajua kuliko wote. Orodha ya kalavati yenye majiranukta, kipenyo na tarehe ya mwisho ya kusafishwa ndiyo tabaka ya kwanza ambayo kamati yoyote ya ushauri ingefaa kuidai, na iwe mezani mwezi Februari. Aprili imeshachelewa.

Kuna jengine kwenye miinuko. Urefu unaotoka kwenye setilaiti unapimwa kutoka umbo la kihesabu la dunia, ambalo hapa kwetu liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Ukilichukua faili bila kulisahihisha, Forodhani inasomeka chini ya bahari. Mtu akiona namba hasi atashtuka na kuuliza, na hapo kosa limeshikwa. Hatari ni pale nusu ya faili imesahihishwa na nusu haikusahihishwa, kisha zikaunganishwa. Kila faili la urefu liandikwe limepimwa kutoka wapi, na lisiloandikwa lisiingie.

Ufuo nao una ukweli wake. Maji yetu ya bamvua yanapanda na kushuka kama mita nne, na kwenye fukwe za tambarare mstari wa bahari unahama mamia ya mita kati ya kujaa na kupwa. Picha mbili za ufuo mmoja zilizopigwa kwa kupishana saa sita zinaonesha fukwe mbili. Asiyeangalia saa ya kurusha atasema ufuo umeliwa, au atasema mwekezaji amejenga ndani ya hifadhi ya pwani, na yote mawili yanaweza kuwa si kweli. Saa na tarehe zimo ndani ya kila picha ghafi. Zisifutwe wakati wa kuunganisha.

Umri wa picha hauna siri. Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Forodhani, bado imesimama kwenye ramani hii. Upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hao walioongezeka, karibu laki sita, wanaishi ndani ya nyumba, na nyumba nyingi kati ya hizo kwenye picha ni migomba au msingi. Mwaka 2018 picha hizi zilitumika katika shindano la kuifundisha kompyuta kutambua majengo, na yakagawiwa makundi matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na misingi. Mgawanyo huo unatufaa sana sisi tunaojenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho linta, mabati Mungu akijaalia. Kwa mpangaji wa maji, msingi wa mwaka ule ni mteja wa leo. Kaziweke pamoja: tabaka ya misingi kutoka kwenye picha, anwani za makazi zilizowekwa mwaka 2022, na orodha ya wateja wa maji. Msingi wenye anwani leo lakini usio na akaunti ya maji ni nyumba inayochota mahali fulani. Ni swali la kwenda kuuliza kwa adabu kupitia kwa sheha, lisiwe tuhuma.

Na hapo tunagonga ugonjwa mwengine wa ofisi zetu: kila mmoja ana namba yake. Maji wana namba ya akaunti, umeme wana namba ya mita, ardhi wana namba ya kiwanja, manispaa wana namba ya kibali, na nyumba ni ile ile yenye mlango mmoja. Kulazimisha wote waache namba zao ni vita isiyo na maana. Inatosha kila jengo kwenye ramani lipewe namba moja ya kudumu, na kila ofisi iongeze safu moja tu kwenye jedwali lake ya kuibeba namba hiyo. Jengo likivunjwa namba inakufa, haipewi jengine. Nyumba ikigawanywa mbili, namba ya zamani inafungwa na mbili mpya zinazaliwa zikiwa na kumbukumbu ya mama yao. Sheria hizi tatu zikiandikwa kwenye ukurasa mmoja, kazi inakwenda.

Kuhusu kamati yenyewe, kosa linalojirudia katika miji mingi ni kuwaita wakurugenzi peke yao. Mkurugenzi anakubali kila kitu kwa heshima, anarudi ofisini, na kijana anayekaa na faili hajaambiwa. Kila ofisi ilete wawili: mwenye saini na mwenye kompyuta. Wa pili ndiye atakayesema "sisi safu hiyo hatunayo" kabla azimio halijapitishwa. Mkutano mmoja kila robo mwaka unatosha ukiwa na ajenda fupi: tabaka gani mpya, nani mwenye tabaka, nini kimekosewa tangu mara iliyopita. Kila tabaka iwe na mwenyewe mmoja tu. Wengine wanaisoma, wakiona kosa wanamwandikia, hawairekebishi kwao. Mabomba ni ya maji. Kebo ni za umeme. Mipaka ya shehia isiguswe na yeyote isipokuwa mwenye mamlaka nayo.

Kamati ya ushauri haina amri, na hiyo haina ubaya, mradi ushauri wake ufungwe kwenye kitu chenye nguvu. Mfano ni fomu ya kibali cha kuchimba barabara. Ikiwa fomu ina mstari unaodai kipande cha ramani chenye tabaka za maji, umeme na mitaro, kilichotolewa ndani ya siku 30, hakuna mkandarasi atakayechimba bila kupita kwenye makubaliano ya kamati. Bila mstari huo muhtasari wa mkutano unabaki kabatini, na koleo la kwanza linakata bomba. Kinachokosekana mara nyingi baada ya hapo ni marudio: mtaro ukishafukiwa, mchoro wa kilichowekwa kweli haurudi kwenye ramani. Sehemu ya malipo ya mwisho ishikwe mpaka mchoro urudi ukiwa na kina na majiranukta, ukiambatana na picha ya mtaro ulio wazi wenye futi kamba ndani yake.

Faragha pia ipewe nafasi. Kwa sentimita 7 sura ya mtu haitambuliki, lakini ua wa ndani unaonekana, na ua kwetu ni stara ya watu wa nyumba. Kazi ya ofisi haihitaji kuchapisha picha ya ua wa mtu. Michoro ya majengo inatosha kwa matumizi mengi.

Duru mpya ikirushwa, ianzie pale palipobadilika: Fumba, na kingo za mji upande wa Magharibi A na Magharibi B, kwa kuwasiliana mapema na wasimamizi wa anga, maana sehemu kubwa ya huko iko jirani na uwanja wa ndege wa Kisauni. Mji Mkongwe urushwe mwanzoni mwa Machi, kabla masika haijashuka. Siku hizo jua la mchana linapita utosini kabisa kwetu, na mnamo saa sita na dakika 35 hata kichochoro chembamba kinapata mwanga hadi chini, bila kivuli cha ukuta kuufunika mtaro. Pwani ipigwe safari nyengine, siku za bamvua, saa nne hadi saa tano asubuhi, maji yakiwa yamekupwa.